Mlango wa Chumba cha Kaskazini

"Shimo la ngumi au la kichwa?" mwenye duka la hadiwea aliniuliza hata kabla sijaweka mkoba chini.

Ilikuwa saa kumi na moja na nusu jioni, mwezi wa kumi na moja, Incheon, na baridi ilikuwa imeanza kuuma vidole. Nilitoka kazini moja kwa moja, nanuka vitunguu saumu vya watoto mia nne. Kesho yake tulikuwa tunahama.

"La upepo," nikasema.

"Aa, upepo." Akacheka peke yake. "Mtaa huu una upepo mbaya, dada yangu. Msimu wa kuhama ukifika unavunja milango kumi kwa wiki. Na upepo wenyewe unanuka pombe."

"Mimi sina mume."

"Basi mtoto."

"Nina mama."

Hapo akaacha utani. Akanipangia vitu mezani kimya kimya: kopo la povu la kuzibia, puti, msasa, kipande cha plaiwudi, vijiti viwili vya mbao, misumari midogo, na karatasi ya kubandika yenye sura ya mbao. Akanielekeza kama anavyowaelekeza wapangaji wote. Kata vibanzi vilivyoinamia ndani. Shimo lifanye mraba. Gongomea vijiti vya kushikilia. Jaza gazeti, piga povu, funika na plaiwudi, msumari, puti, msasa, karatasi.

"Milango ya nyumba zile haina kitu," akasema. "Plaiwudi mbili na karatasi katikati. Mtoto wa darasa la tatu anaubeba. Ukimaliza, mwenye nyumba haoni kitu hata avae miwani miwili."

Mwenye nyumba hakunitia hofu. Niliyekuwa namficha shimo lile ni ndugu yangu wa tumbo moja.

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kusema hivyo. Miaka kumi na tisa jikoni shuleni imenifundisha kunusa kila kitu kabla ya kukiamini. Samaki, maziwa, watu. Na mdogo wangu Sang-uk nilikuwa nimemnusa miaka miwili. Alitaka Mama apelekwe nyumba ya wazee. Hakusema kwa ubaya. Alisema kwa upole, ndiyo maana nilizidi kumshuku.

Mama alikuwa na miaka sabini na tisa, na akili yake ilikuwa imeanza kwenda na kurudi. Majira ya kuchipua alisahau gesi. Kiangazi alimrushia mke wa Sang-uk bakuli la wali, akimwita mwizi wa nguo zake. Siku hiyo tulikaa kikao, mimi na Sang-uk, na nikakubali kwa mdomo wangu mwenyewe: kikivunjika kitu kingine kwa mkono wake, anakwenda. Nilikubali kwa sababu niliamini hakitavunjika.

Sikukuu ya mavuno wakaja kutusalimu. Nilitoka kwenda kununua mapeasi, nikamwacha Sang-uk na Mama kwa saa moja. Kesho yake asubuhi nikaliona shimo. Lilikuwa kwenye mlango wa chumba cha Mama, upande wa ndani, usawa wa goti. Ukubwa wa ngumi.

Nilimshuku Sang-uk kwanza. Halafu nikamshuku Mama. Mama nilipomuuliza alisema maneno ambayo sikuyapenda.

"Si mimi. Ni yule wa ndani ya mlango. Alitaka hewa."

Nikatundika koti lake juu ya shimo, nikanyamaza wiki saba. Lakini kesho Sang-uk na mkewe walikuwa wanakuja kutusaidia kuhama, na koti lingeshuka. Kwa hiyo ilikuwa jioni hiyo au basi. Nikichelewa, Mama hatahamia na mimi Bucheon, mji wa jirani, kwenye ile nyumba ya chini isiyo na ngazi niliyomtafutia mwaka mzima. Atahamia kwenye kitanda chenye namba.

Kwenye ngazi za jengo nikakutana na Bibi Ok-bun wa ghorofa ya tatu, ameketi na beseni la figili mapajani, anamenya huku anahesabu nani kaingia nani katoka. Yeye na Mama walikuwa marafiki. Kila mchana walikula viazi vitamu pamoja na kuwasengenya wafu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umebeba nini?"

"Vitu vya kuhama."

"Vitu vya kuhama havilii njuga." Akautazama mfuko wangu. Misumari ilikuwa inagongana. "Leo unagonga misumari, wewe?"

"Miwili mitatu tu."

"Chumba kipi?"

Nikahamishia mfuko mkono wa pili. Akaacha kumenya.

Wenzangu mnajua habari za Mgeni. Ndivyo tunavyomwita pepo yule anayewaharibia watu kuhama, Mgeni, maana jina lake halisi hakuna anayetaka kulijua. Huzunguka kwa kalenda ya kale ya mwezi: siku ya kwanza na ya pili yuko mashariki, ya tatu na ya nne kusini, ya tano na ya sita magharibi, ya saba na ya nane kaskazini. Siku ya tisa na ya kumi hupanda juu, ardhi ikabaki bila yeye, na hizo ndizo siku ambazo watu hugombania malori ya kuhama. Mimi mwenyewe nililipa mara mbili kwa ajili ya kesho. Si kwamba naamini. Ila hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kutoamini.

"Kesho ni tisa, bibi," nikasema. "Nimeangalia."

"Kesho ni tisa. Leo je?"

Nikaanza kuhesabu vidoleni, akaniwahi.

"Leo ni nane. Yuko kaskazini, na chumba cha mama yako kiko kaskazini." Akashusha sauti. "Nyinyi wa siku hizi mnailinda siku ya kuhama kama dhahabu. Ya kabla yake haina mlinzi. Ndiyo siku mnayoziba, mnayogonga, mnayong'oa. Ukimgongomea mbao usoni, mbao inakasirika na yeye anakasirika. Mgeni siku mbili, mwanangu, lakini huyu humpi jembe siku ya tatu. Humwambii kitu. Unamwacha aondoke mwenyewe."

"Na nisipoziba, Sang-uk anamchukua Mama."

Bibi Ok-bun akarudia figili zake.

"Basi angalau usizibe kabla hujaangalia nani yuko upande gani," akasema.

Nilimwona kizee mwenye wivu kwamba rafiki yake anahama. Nikapanda kwetu, ghorofa ya pili.

Nyumba ilikuwa na maboksi mpaka mlangoni. Chumbani Mama alikuwa ameketi kwenye godoro lake sakafuni, karibu na mlango, na mbele ya lile shimo kulikuwa na kisahani. Wali kidogo. Kipande cha samaki mkavu.

"Mama, hiki ni nini?"

"Hajala."

"Nani?"

"Asubuhi alikula. Mchana hakutaka. Nadhani amesikia tunahama."

Nikapiga magoti nikachungulia shimoni kwa taa ya simu. Karatasi ya ndani ilikuwa imechanika na kusukumwa pembeni, kama kiota. Hapakuwa na wali. Wiki saba anamlisha, na hapakuwa na punje moja, wala chungu mmoja. Nikamshuku panya. Nikataka sana awe panya.

Kisha nikaona vibanzi.

Ukipiga ngumi mlango, vibanzi huinamia ndani, kule ngumi inakokwenda. Mwenye hadiwea alisema hivyo bila hata kuuona. Vibanzi vya shimo hili vilikuwa vimeinamia kwangu. Vyote. Vilikuwa vimetokeza nje, vikanichoma kidole.

Sang-uk hakupiga mlango huu. Wala Mama. Kilichopiga kilipiga kutoka ndani ya mlango wenyewe.

Na pale shimoni palikuwa na joto. Chumba chote kilikuwa baridi, tayari tulishazima mabomba ya kupasha sakafu joto, lakini nilipoweka kiganja pale nilihisi joto. Lilikuja... likaacha... likaja tena. Lilikuwa na harufu ya samaki mkavu.

Nikaondoa mkono. Nilikuwa na hofu mbili, ya mlango na ya Sang-uk, na nikaifuata ile yenye saa. Sang-uk angefika saa moja asubuhi.

"Mama, sogea. Naziba."

"Usizibe." Akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa na nguvu ambazo sikuzitegemea. "Mwanangu, yule hajawahi kunidhuru. Tunakaa wote tu. Ukiziba atatafuta pengine pa kutokea. Hapa ndani tuko wawili tu, mimi na wewe."

"Ukiendelea na maneno haya mbele ya Sang-uk, unajua utakwenda wapi?"

Akaniachia. Alijua. Nilimwona anajua, na machozi yakamjaa, na akili yake ilikuwa timamu kabisa dakika ile. Hilo silisahau. Akajisogeza mpaka ukutani, akajifunika blanketi mpaka mabegani.

"Haya," akasema. "Fanya haraka basi."

Nikaufunga mlango ili nipate kuufanyia kazi, tukawa tumefungiwa humo wote. Nikakata vibanzi. Nikalifanya shimo mraba. Vijiti nikavipenyeza ndani, nikaanza kugonga.

Nikagonga mara tatu.

Nikasikia nne.

Nikangoja. Nikagonga mbili. Nikasikia tatu, na ya tatu ilikuwa karibu zaidi, chini tu ya msumari wangu. Bibi Ok-bun yuko juu, nikajiambia, anagonga sakafu kwa mchi kunikejeli. Nikamtukana moyoni. Nyuma yangu Mama alikuwa ananung'unika wimbo wa kupandikiza mpunga, wa kwao Gangjin, kama anavyofanya akiogopa.

Nikachukua magazeti nikayafinyanga, nikayasukuma shimoni. La kwanza likaingia. La pili... likavutwa.

Sikulisukuma. Lilivutwa taratibu kutoka vidoleni mwangu, kama mtu anavyopokea kitu gizani.

Wimbo nyuma yangu ukakatika.

Sikugeuka. Najiuliza mpaka leo kwa nini sikugeuka. Nilikuwa nimeshika kopo la povu, nimelitikisa tayari, na nilichokiwaza ni kwamba nikigeuka sitamaliza. Nikaingiza mrija, nikabonyeza. Povu likatoka likilia, likajaa, likaumuka.

"Jeong-im."

Jina langu, kwa sauti ya Mama.

"Jeong-im, basi. Inatosha. Huku ni giza."

Ilitoka mbele yangu.

Nikageuka kwa kasi. Mama alikuwa palepale ukutani, blanketi mabegani, mdomo umefungwa. Ananitazama. Ananitabasamia kama mgeni anavyomtabasamia mwenyeji aliyemkaribisha kiti.

"Umeniita?" nikauliza.

"Hapana," akasema. "Endelea tu. Unafanya vizuri."

Nikaendelea. Nilijiambia ni mwangwi, chumba kitupu, masikio ya mtu asiyelala. Nikasubiri povu likauke, nikalisawazisha kwa kisu, nikafunika plaiwudi, nikagongomea misumari minne, na safari hii ilisikika nyundo yangu tu. Puti. Msasa. Karatasi nikaibandika kwa kitambaa mpaka pembe zote zikalala. Ilikuwa kazi safi. Mama alinishikia taa muda wote na mkono haukumtetemeka hata kidogo.

Asubuhi Sang-uk alifika na mkewe. Macho yake yalizunguka kila ukuta, nikajua anatafuta. Mama alimpokea mlangoni akampa pole ya safari, akamwita mkewe kwa jina, akamwomba radhi kwa lile bakuli la wali. Mke wa Sang-uk akalia. Sang-uk akapitisha kiganja kwenye mlango wa chumba cha kaskazini, juu mpaka chini, asipate kitu.

"Dada, nisamehe," akaniambia jikoni. "Nilikushuku unanificha mambo. Mama mzima kuliko mimi."

"Hali yake inabadilika," nikasema.

"Ikibadilika namna hii, abaki na wewe mpaka mwisho."

Ndicho nilichokitaka, nikakipata.

Tulipokuwa tunashuka, Bibi Ok-bun alikuwa amesimama kwenye ngazi na bakuli la chumvi, aliyokuja kumnyunyizia rafiki yake njia ili mabaya yasimfuate. Mama akapita mbele yake. Akainamisha kichwa kwa adabu, kama mtu anayemsalimu jirani asiyemfahamu.

Bibi Ok-bun hakuitika. Hakunyunyiza chumvi. Alinishika mkono wa koti nilipomfikia.

"Jeong-im," akanong'ona. "Mama yako yuko wapi?"

"Si huyo mbele yako?"

Akaniangalia kwa huruma, akapanda kwake na bakuli lake.

Bucheon tukaishi vizuri. Niwe mkweli, sijawahi kuishi vizuri vile. Nikirudi kazini nyumba imefagiliwa, supu iko jikoni, nguo zimekunjwa. Gesi haikusahaulika hata mara moja. Mama alikula sana, hasa samaki, na mifupa sikuiona kwenye taka. Aliacha kunisimulia habari za Gangjin. Nikimwanzishia alikuwa akinisikiliza kwa makini, halafu wiki moja baadaye ananirudishia hadithi ileile, neno kwa neno langu.

Nilishuku, kwani ningeacha? Lakini nilishuku kwa tumbo lililoshiba, na shuku ya namna hiyo haina miguu. Kila nikianza kuwaza lile giza la povu, Mama alikuwa akinimenyea peasi.

Simu ya Bi. Heo, mwenye nyumba wetu wa zamani, ilikuja wiki ya nne, jua limezama muda si mrefu. Jioni hiyo Sang-uk na mkewe walikuwa wanakuja kula. Ilikuwa mara ya kwanza tangu lile bakuli la wali kwamba sote tungeketi meza moja.

"Jeong-im, nitakuuliza kitu usinichukie," Bi. Heo akasema. "Mlango wa chumba cha kaskazini uliufanya nini?"

"Sikuufanya kitu."

"Niliona pale ulipoziba siku ileile, mwanangu. Sikutaka kukusumbua, una mzigo wa mama. Lakini wapangaji wapya wanataka kuondoka. Mlango unagonga. Nilidhani ni michezo ya watoto, nikaenda mwenyewe nikaweka sikio."

"Ukasikia nini?"

"Kuna mwanamke mzee humo. Anasikika kwa mbali sana. Na anatukana, Jeong-im. Neno hilohilo kutwa nzima. 'We Mavi ya Mbwa, nifungulie. Mavi ya Mbwa, mwanangu, nifungulie.' Sasa tusi gani hilo la kumwambia mtu?"

Si tusi. Kabla yangu mama yangu alizaa watoto wawili, na wote hawakufikisha siku mia. Nilipozaliwa alinipa jina la kunuka, ili chochote kilichowachukua wale kipite kikiniona sifai kuchukuliwa. Aliniita hivyo mpaka nilipokuwa na miaka saba, ndani ya nyumba tu, kwa kunong'ona tu. Baba alishakufa. Sang-uk wakati ule alikuwa bado hajazaliwa. Mimi sijawahi kumwambia mtu, kwa aibu. Duniani jina hilo lilikuwa limebaki kinywani mwa mtu mmoja.

"Nimeshamwita fundi," Bi. Heo alikuwa anaendelea. "Kesho asubuhi na mapema anaung'oa, nimenunua na stika ya kulipia taka kubwa, gari litaupitia. Nimeona nikuambie tu."

Nilikata simu. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu na mwiko mkononi.

"Nani?"

"Mwenye nyumba wa zamani."

"Anataka nini?"

"Mlango. Anasema umeharibika."

"Mlango wa watu," akasema. Akanitengeneza kola ya shati. "Kaa, mwanangu. Chakula kinapoa."

Kutoka Bucheon mpaka pale ni dakika ishirini na tano kwa treni. Nilijua. Ningeweza kwenda na nyundo, nikarudi kabla supu haijapoa kweli. Lakini Sang-uk alikuwa anabisha hodi, na mkewe amebeba matunda, wanacheka, na mezani palikuwa na samaki wa kuchoma, na Mama amevaa nguo yake ya rangi ya majivu, anawakaribisha. Ningewaambia nini? Kwamba huyu siye? Nikisema hivyo, mimi ndiye ningepelekwa kwenye kitanda chenye namba. Na huyu wangemchukua kwao kwa furaha.

Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Ya kweli ni kwamba nilichoka miaka mingi, na kile chakula kilikuwa kitamu.

Nikakaa.

Asubuhi nilifika saa moja kasoro. Chumba cha kaskazini kilikuwa na fremu tupu. Bi. Heo alikuwa anafagia vumbi la mbao.

"Mlango uko wapi?" nikamuuliza.

"Gari limepita sasa hivi. Wanasaga palepale, hawaweki akiba." Akaegemea ufagio, uso wake haukuwa na rangi. "Jeong-im, niambie ulijaza nini humo. Mlango wa plaiwudi ule, nimeununua mwenyewe, mwepesi kama boksi. Wameubeba wanaume watatu. Watatu, na mmoja akasema umewalegea mikononi kama mgonjwa."

"Mlango uligonga? Ulipokuwa unatolewa... uligonga?"

"Hapana," akasema. "Jana usiku ulinyamaza. Kama mtu aliyengoja akakata tamaa."

Niliketi sakafuni pale Mama alipokuwa akitandika godoro lake. Nililia mpaka Bi. Heo akaniogopa. Nilipotoka, Bibi Ok-bun alikuwa amefunga mlango wake, na ingawa nilibisha mara nyingi, hakufungua.

Nilirudi Bucheon mchana. Meza ilikuwa imeandaliwa. Nilivua viatu, nikaketi mbele yake, nikamtazama kila kunyanzi. Yalikuwa yote, mahali pake.

"Mama," nikasema. "Nilipokuwa mdogo, kabla Sang-uk hajazaliwa. Ulikuwa ukiniita nani?"

Akaacha kijiko. Akafikiri. Alifikiri kwa makini sana, na nilimwona ananitafuta usoni kama anayesoma.

"Mwanangu," akasema mwisho. "Ningekuita nani mwingine?"

Akanisogezea samaki.

Mwezi ujao anatimiza miaka themanini. Sang-uk amekodi ukumbi, ndugu wa Gangjin wanakuja na basi zima, na wameniomba mimi, mtoto mkubwa niliyemtunza, nisimame niseme maneno machache kuhusu mama yangu. Nimeketi na karatasi tangu asubuhi. Yeye yuko mlangoni ananingoja nimalize, ili aisome na kuishika neno kwa neno.